Ng'ombe Aliyepatikana Kabla ya Kupotea

Kanombe, jioni, mvua imekatika

Uwera wangu,

Watu huanza barua kwa kuuliza hali. Mimi hali yako naijua. Asubuhi umekunywa uji nusu kikombe ukasema umeshiba, mchana umelipanga begi ukalipangua, na sasa umekwenda Kibagabaga kumuaga shangazi yako, ambaye hatakuacha utoke mpaka ule. Kwa hiyo nina saa mbili hivi, au tatu akiwa amepika maharage. Baba yako bado yuko kazini uwanja wa ndege. Nimekaa kwenye meza yetu ya kuchorea, nimesogeza makopo ya rangi pembeni, naandika nyuma ya karatasi za picha zilizoharibika. Usizigeuze. Upande wa pili ni mbuzi wasio na shingo.

Mambo ya safari nimeshayasema mpaka ukaniambia, "Mama, nimesikia, hata kuku wamesikia." Basi humu hutakuta habari ya maji ya kuchemsha, wala ya watu wa kwenye gari, wala ya karatasi zako za kuonyesha pale mpakani Rusumo. Moyo wangu unaruka kwa hayo yote, unanijua, tangu njia ya Uganda ifungwe kwa vita kila njia naiona nyembamba. Lakini hayo atayaangalia baba yako, anakusindikiza mpaka mpakani. Mimi nina habari moja tu. Nitazunguka kidogo kabla ya kuifikia, univumilie.

Habari yenyewe ni jibu lako kwa watu wa Mwanza. Wale wachapaji walipoona vitabu vyetu vya watoto vya Kiswahili, walikuandikia kwamba wana nafasi mbili. Moja ni ya kukaa dukani kuuza vitabu. Nyingine ni ya chumba cha ndani, kujifunza kukitengeneza kitabu tangu karatasi tupu: hadithi, picha, mpango wa kurasa, na baada ya hapo utoe kitabu chako mwenyewe chenye jina lako juu. Wakasema uchague mwenyewe, uwajibu Jumatatu ukifika. Nawe jana, unachambua mchele, hata kichwa hukuinua, ukasema, "Nitachukua duka. Kupanga kurasa mimi naharibu."

Baba yako akacheka, akadhani unatania. Mimi sikucheka. Neno hilo la kuharibu mimi najua lilikuingia siku gani, na najua aliyeliingiza.

Ngoja nianzie mbali.

Nilipotoka Ngara kuja kuolewa hapa nilikuwa na darasa la tatu na mikono miwili. Nikapata kazi ya kupika uji kwenye chekechea ya watawa. Wewe ulikuwa mdogo, nakufunga mgongoni nakoroga sufuria. Masera Felisita, mtawa bado kijana, ndiyo kwanza ameletwa kuiongoza, mkali kama pilipili. Shida ya pale haikuwa kupika, ilikuwa kungoja uji upoe. Watoto arobaini wenye vikombe vya bati, uji wa moto, wanapiga vikombe mezani, wanapigana vikombe kichwani. Siku moja nikaokota kipande cha mkaa, nikapiga magoti, nikachora sungura kwenye sakafu ya simenti. Kimya. Vikombe vikaacha kugonga.

Kesho yake wakaniuliza, "Sungura amekwenda wapi?"

"Amefutwa na deki."

"Basi mchore amerudi."

Nikamchora amerudi. Ikawa kila siku. Uji unapoa, sungura anafanya jambo. Siku Masera alipoingia ghafla akanikuta chini, nikafikiri kazi imekwisha, nikaanza kufuta kwa kitenge changu.

"Mama Uwera, unafuta nini?"

"Uchafu, Masera."

"Uchafu huo una masikio marefu," akasema. Wiki ile ile akanipa karatasi.

Hivyo ndivyo mama yako alivyokuwa mtengenezaji wa vitabu. Hakuna aliyenifundisha ila watoto, nao hawafundishi kwa upole. Kile kitabu cha kwanza, cha bata aliyedhani ndege za hapa Kanombe ni wajomba zake, nilimweka bata katikati ya kila ukurasa, mkubwa, mnene, nimejivunia manyoya. Wao wakaweka kidole kwenye kona. "Huyu mdudu ametoka wapi?" Lilikuwa doa la wino! Siku kumi wananiuliza kama yule mdudu alifika kwao. Bata wangu hakuna aliyemjali. Tangu hapo, unajua, kila kitabu changu kina kitu kidogo pembeni kinachokwenda zake, hakisemwi na mtu.

Nikachora tena mtoto aliyepotea sokoni. Nikamchora peke yake, ukurasa mzima, kwa sababu nilitaka watu waone nilivyoweza kuchora machozi. Mtoto mmoja akakifunga kitabu, akakikalia, akakataa kuinuka. Masera akanitazama. Nikajiona mjinga kabisa. Nilitaka sifa ya machozi, nikamtisha mtoto wa watu. Siku hizi nikichora mtoto aliye peke yake, pembeni kabisa naweka ncha ya kitenge au kiganja cha mtu, ili anayesoma ajue mwenyewe kwamba kuna anayekuja. Hilo sikusomea. Nimelilipia aibu.

Na kazi ya kuandika maneno ilikuwa yako. Una miaka minane, mimi nasema, wewe unaandika, ulimi nje. Siku moja ukaacha kuandika.

"Mama, maneno ni mengi. Bata anaonekana anaogopa. Kwa nini niandike anaogopa?"

"Andika nilivyosema."

"Lakini anaonekana!"

"Uwera, mimi ni mama yako au ni bata?"

Ukaandika. Watoto wakapiga miayo. Nikarudi nyumbani nikaufuta mstari ule, lakini sikukuambia kwamba ulikuwa na haki. Angalia, hata hapo. Jambo dogo kama hilo, mdomo wangu ulikuwa mzito. Mtu asiyeweza kukubali kosa dogo siku ya Jumanne, Jumatano likija kubwa atafanyaje?

Likaja. Gaju.

Unaikumbuka hadithi, ng'ombe Gaju aliyetoka zizini usiku na watoto wakamtafuta. Baba yako ndiye alikuwa Gaju. Nilimweka hapa katikati ya chumba, magoti na mikono chini, michi miwili ya kinu imefungwa kichwani iwe pembe. "Kutwa nzima nabeba mizigo ya watu uwanjani," analalamika, "nikirudi nyumbani nageuzwa ng'ombe." Wewe unamlisha majani ya mgomba. Akayala kweli, yule mtu. Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini, akamkuta baba yako na pembe, akarudi zake bila kuuliza.

Kitabu kilikuwa cha kurasa nane, karatasi mbili zimekunjwa katikati zikabanwa pini. Nawe ulikuwa na miaka kumi, lakini mambo ya kukunja uliyashika kuliko mimi. Ulijua kwamba karatasi ikiwa wazi, ukurasa wa tatu unalala ubavuni kwa wa sita, sita kushoto, tatu kulia. Ukaunda kile kitabu kidogo cha karatasi taka, kinaenea kiganjani, kina namba zote. Tulikiita kitoto, kwa sababu kilizaliwa kabla ya kitabu. Ukakiacha hapa mezani, ukaenda shule, ukaniambia, "Fuata kitoto tu, Mama."

Sasa nisikilize vizuri.

Nikakaa na ile karatasi ya nta ya mashine ya kuchapia ya Masera, na kalamu ya chuma, ile ambayo ukishakwaruza huwezi kufuta. Ukurasa wa tatu ulikuwa zizi tupu, mlango wazi. Wa sita alikuwa Gaju amepatikana, amesimama ndani ya shamba la viazi, watoto wamemning'inia shingoni. Hiyo ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora. Nikaangalia kitoto: sita, kushoto. Nikasema moyoni, picha kama hii ikae kushoto? Jicho la mtu hukimbilia kulia! Nikamchora Gaju kulia, zizi tupu nikalipeleka kushoto. Pamoja na maneno yake. Niliona nimebadilisha upande tu. Haikunijia kwamba karatasi ikishakunjwa, kulia ndiyo tatu na kushoto ndiyo sita.

Kitoto chako hakikuwa na kosa hata moja, Uwera. Namba zako zilikuwa sawa zote nane. Niliyebadilisha ni mimi. Kwa kujipenda.

Tukazungusha mashine, tukakunja, tukabana, hatukufungua hata kimoja, tulikuwa na haraka. Masera alikuwa na wageni kutoka Bujumbura, wakubwa wa shirika lake. Akakaa mbele ya watoto, wageni nyuma yake, akasoma. Gaju alilala zizini. Akafungua: Gaju amepatikana, shangwe. Akafungua: watoto wanamtafuta Gaju kwa taa. Wanamtafuta mtoni. Mtoto mmoja wa mbele akasimama, "Masera, wanatafuta nani? Gaju si iko hapa?" akamrudisha nyuma kurasa mbili kwa mkono wake. Masera akaendelea, maskini. Zizi tupu! "Yewe, amepotea tena!" mwingine akapiga kelele. "Huyu ng'ombe ana tabia mbaya!" Chumba kizima kikaangua kicheko. Watoto wanagaagaa chini. Wageni wanacheka ndani ya mikono. Masera uso umemwiva mpaka masikioni.

Leo nikikumbuka hapo nami nacheka, nisamehe. Hapo palikuwa pa kucheka. Kilichofuata ndicho kisichochekesha.

Akatuita kwenye chumba cha mashine. Wewe ulikuwa umetoka shule, umeshika kibanio cha pini mkononi. Akauliza, "Nani alipanga kurasa?"

Nami nikasema, "Ni mtoto, Masera. Ndiye anayepanga namba."

Hukunitazama kwa hasira. Ingekuwa afadhali. Ulinitazama kama mtu aliyeambiwa kitu juu yake mwenyewe ambacho hakukijua. Halafu ukasema, kwa sauti ndogo, "Labda nilikosea. Unisamehe, Masera." Akasema, "Mtoto asiguse tena mashine hii. Hii ni kazi ya watu wazima." Ukakiweka kile kibanio chini, taratibu, kama kinavunjika.

Kwa nini nilisema? Nimejiuliza miaka tisa. Niliogopa kurudishwa kwenye sufuria ya uji. Niliogopa waone kwamba mwanamke wa darasa la tatu ni wa darasa la tatu tu. Hizo ni sababu, nakuandikia uzijue, sikuandikii uzipokee. Ulikuwa na miaka kumi, ukasimama mbele yangu, nami nikajificha nyuma yako.

Jioni ile ulikaa hapa hapa na kitoto chako, vitabu vyenyewe vimebaki kwa Masera. Unakikunja, unakikunjua, unahesabu kwa kidole. "Mama, mbona naona sawa?" Nikakwambia, "Acha hiyo, njoo umenye viazi." Kesho yake tena unahesabu. Siku ya tatu ulipokuwa shule nikakichukua nikawashia mkaa wa imbabura, nikapikia chai. Uliporudi ukakitafuta. Na mimi, Uwera, nikainama chini ya kitanda nikakusaidia kukitafuta.

Hilo ndilo linaloniamsha usiku. Uongo ule kwa Masera ulitoka kwa hofu, ulikuwa wa dakika moja. Huku kutafuta chini ya kitanda nilikuwa na muda wa kutosha.

Baada ya hapo nikaona mtoto anabadilika na nikajifanya sioni. Zamani ulikuwa unarukia ule mkono wa mashine, unazunguka nao unaimba. Ukawa mtu wa kusema, "Mama, hebu niangalizie, nisije nikaharibu." Kila ukurasa. Kila barua. Hata chumvi ya mboga. Majirani wakanisifu, "Mama Uwera, umelea binti makini!" Nikasema asante. Nilipokea sifa kwa jeraha nililokupiga mwenyewe.

Basi jana ulipolisema lile neno juu ya mchele, sikulala vizuri. Asubuhi nikasema nakwenda sokoni, sikwenda sokoni. Nilikwenda kwa Masera. Nikamkuta anapaka mafuta ile mashine, sasa yeye na mashine wote wamezeeka. Nikamweleza nikiwa nimesimama.

"Miaka tisa?" akasema.

"Ndiyo, Masera."

"Nilimfukuza mtoto kwenye mashine kwa neno lako."

"Ndiyo."

"Na katika miaka tisa hukupata siku moja ya kuniambia?"

"Nilizipata nyingi."

Akafunga dirisha, akalifungua tena. Hakunikaribisha chai. "Usiniombe mimi msamaha," akasema. "Mimi nitamwandikia mwenyewe, nina la kumwomba. Wewe kamwambie leo." Nilipofika mlangoni akaniita. "Mama Uwera! Ile picha ya Gaju ilikuwa nzuri kweli." Nikageuka. "Lakini hata kushoto ingeonekana." Nikatoka nikalia njiani, nikacheka, watu wakanipisha.

Sikuandikii ili nikuchagulie. Duka ni kazi nzuri, utakaa na vitabu, utaona uso wa mtoto akifungua cha kwanza. Ukilitaka, lichukue. Ila ulichukue kwa kulipenda. Usilichukue kwa sababu ya ng'ombe wangu. Jumatatu wakikuuliza kama unajua kupanga kurasa, uwajibu kwa yale uliyoyafanya kweli, ukiwa na miaka kumi, kwa karatasi taka, bila kukosea.

Ukichagua chumba cha ndani, sina mengi ya kukuonya. Kazi hii ni nzuri, mwanangu, mimi imenipa furaha kuliko nilivyostahili. Kucha zako hazitatakata tena. Utachora mkono mara ishirini na bado huo mkono utafanana na mhogo. Utamwonyesha mtoto kitabu ulichokihangaikia miezi mitatu, atakigeuza nusu dakika, atauliza kama kuna kingine. Halafu siku moja kitarudi kimepoteza jalada, kimetafunwa kona, kina uji ndani, na hapo utajua kilipendwa. Vile vinavyorudi safi huwa navisikitikia. Na ukikosea, maana utakosea, sema siku ile ile, kabla chai haijapoa. Nakuambia mimi niliyengoja.

Nawe usiwe na hofu kwamba ukienda sitakuwa na wa kuniandikia maneno. Juzi umesema ungebaki mwaka mmoja kwa ajili hiyo. Hapana. Kitabu kipya nimekimaliza, nilikificha usione. Kina kurasa nane na maneno kumi na moja tu, yote nimeyaandika mwenyewe. Anayeogopa anaonekana anaogopa. Sikuandika.

Nilikuwa nimekusudia kuiweka barua hii ndani ya begi, chini ya gauni lako la bluu, uikute Mwanza kwa mama yako mdogo. Nimeshaifungua hata zipu. Halafu nikaona ninachofanya. Ningekuwa nimesema, na sipo. Ungesoma peke yako chumba cha wageni, mimi niko huku salama, mbali na macho yako. Nimejificha tena.

Kwa hiyo nitakupa mkononi. Nasikia mbwa wa jirani anabweka kule barabarani, nadhani ndiyo wewe. Nimeweka kiti mbele ya changu. Usome mpaka mwisho, hata ukiwa umechoka. Sitainuka kwenda jikoni. Ukitaka kuniuliza, niulize, nitakujibu. Ukitaka kunikasirikia, kasirika, nimekaa. Ukinyamaza, tutanyamaza wote wawili mpaka baba yako arudi.

Mimi mama yako,
niliyepanga zile kurasa.